Kichwa cha Treni Kilichoitwa Rungwe

Mlima Rungwe uliwahi kuwa na magurudumu. Sifumbi fumbo. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock kule Manchester, Uingereza, kiliunda vichwa 34 vya treni za mvuke kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na kila kichwa kikapewa jina la mlima wa huku kwetu. Namba 5901 kikaitwa Mount Kenya. Namba 5928 kikaitwa Mount Kilimanjaro. Namba 5920 kilikuwa Mount Mbeya, na namba 5916 kikaandikwa Mount Rungwe.

Sasa nenda Masoko, kilomita kama 15 kutoka mjini Tukuyu, ukae pale juu ya ziwa na wazee, uwaulize kuhusu treni iliyoitwa kwa jina la mlima wao. Usishangae wakikutazama kama mtu aliyepotea njia. Rungwe haina reli. Haijawahi kuwa nayo. Treni iliyobeba jina la wilaya haikuwahi kuingia wilayani, na hata ingetaka isingeweza.

Hebu tuanzie hapo, maana ndani yake mna hadithi ya namna kumbukumbu za usafiri zinavyopona au kufa katika nchi zetu. Makumbusho ya reli yaliyopo Nairobi ni sehemu ya hadithi hiyo. Sehemu nyingine ni makumbusho ambayo Masoko haina.

Vichwa hivyo, vilivyojulikana kama daraja la 59, vilikuwa vikubwa kupita kiasi. Kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa mita 32 hivi, kimekatika sehemu tatu kama siafu: injini mbele, injini nyuma, na katikati boila na chumba cha dereva. Muundo huo huitwa Garratt. Uzuri wake ni kwamba uzito unagawanyika kwenye magurudumu mengi, na mwili mrefu unakunja kona bila shida. Wanaoyafuatilia mambo haya wanakubaliana kwamba reli yenye upana wa mita moja haikuwahi kuona vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivi. Kimoja kiliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200 kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, mwinuko wa mita 1,700 na zaidi.

Lakini mzito ni mzito tu. Kila ekseli iliyosukuma iligandamiza reli kwa tani 21, na vyuma vya kuhimili uzito huo vilikuwa vimelazwa kwenye njia kuu ya Mombasa. Reli ya Kati ya Tanganyika, iliyojengwa na Wajerumani na kufika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa nyepesi mno. Kwa hiyo karibu nusu ya milima iliyoandikwa kwenye vichwa vile ilikuwa ya Tanganyika (Meru, Hanang, Lengai, Oldeani, Monduli, Uluguru, Mbeya, Rungwe), lakini yote ikaenda kufanya kazi Kenya. Ilipofika TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, na kupita Mbeya kwenye safari yake ya kilomita 1,860 kwenda Kapiri Mposhi, upana wake ukawa milimita 1,067. Milimita 67 zaidi. Rungwe ya chuma isingetembea juu yake hata kwa dua.

Kisha dizeli ikaingia. Kuanzia miaka ya 1970 mwanzoni hadi kufikia 1980 vichwa vya daraja la 59 viliondolewa kazini kimoja baada ya kingine, vikakatwa vipande na kuuzwa kama chuma chakavu. Kati ya 34 vimebaki viwili: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Mlima Gelai uko karibu na Ziwa Natron, na Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Vyote viwili ni vya Tanzania, na vyote viwili vimehifadhiwa Nairobi. Rungwe hakimo. Kimekwenda na wenzake 31, pengine kimegeuka nondo kwenye ghorofa ambalo umewahi kulipita bila kujua.

Kwa nini viwili vikapona? Jibu fupi ni kwamba kulikuwa na mahali pa kuvipeleka. Na mahali hapo palikuwepo kwa sababu ya mtu mmoja.

Jina lake ni Fred Jordan. Alikuwa mtumishi wa reli tangu mwaka 1927. Hakuwa profesa wala mwanahistoria wa kuajiriwa. Ni mtu wa kazini, aliyekaa kwenye shirika miaka zaidi ya arobaini na kuona jinsi vitu vinavyoingia vikiwa vipya na kutoka vikiwa takataka. Ni yeye aliyeona kwamba historia ya reli ya Afrika Mashariki inahitaji makumbusho, akalisukuma wazo hilo hadi shirika likakubali. Makumbusho yakafunguliwa Nairobi mwaka 1971, naye akawa mhifadhi wake wa kwanza.

Mtu anaweza kubisha: hayo si makumbusho ya mtu binafsi, ni mali ya shirika la umma. Kwa karatasi ni kweli. Ila mimi naona karatasi inaficha zaidi ya inavyoonyesha. Shirika kwa tabia yake haliweki vitu. Shirika linafunga hesabu, linafuta mali iliyochakaa kwenye daftari, linaita mnunuzi wa vyuma. Ili kitu kisiuzwe lazima atokee mtu wa kusema “hiki tusikiuze,” na aendelee kusema hivyo kwenye kila kikao mpaka wenzake wachoke. Huyo mtu ndiye mwanzilishi, awe analipwa mshahara au halipwi.

Huko Ulaya wanaoanzisha makumbusho ya namna hii mara nyingi ni watu waliojichangisha. Mwaka 1948 kikundi cha wapenzi wa tramu Uingereza kilimnunua mzee mmoja wa chuma, tramu namba 45 ya mji wa Southampton, kwa paundi 10. Hawakuwa na pa kuiweka. Ilizungushwa huku na huko kama mgeni asiye na mwenyeji, hadi mwaka 1959 walipopata eneo kwenye machimbo ya mawe kijijini Crich. Leo hapo pana makumbusho ya taifa ya tramu. Paundi 10, na ukaidi. Bei ya chuma chakavu, kwa kifupi, maana hao ndio walikuwa washindani wao.

Jordan hakuhitaji kununua, ila alihitaji bahati ya wakati, na hiyo aliipata kwa tundu la sindano. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa bado hai na reli ilikuwa moja. Miaka sita baadaye, 1977, Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na mapatano ya kugawana mali na madeni hayakutiwa saini mpaka 1984, mjini Arusha. Hebu fikiria kama wazo la makumbusho lingechelewa mpaka katikati ya ugomvi huo. Nani angekaa kujadili kiti cha zamani cha behewa wakati mataifa matatu yanavutana kuhusu injini, meli na ndege? Kwa hiyo leo Nairobi ina kumbukumbu za reli iliyokuwa ya nchi tatu, na anayetaka kuona Gelai na Shengena za chuma inabidi avuke mpaka.

Ukiingia humo ndani utaona kwanza simulizi ambayo kila mtu anaijua. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, ikagusa Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Kuna behewa namba 12, ambalo mwaka 1900, kituo cha Kima, simba aliingia usiku na kumtoa mrakibu wa polisi Charles Ryall aliyekuwa amekuja kumvizia simba huyohuyo. Watalii wanalipenda sana behewa hilo. Mimi sina ugomvi nalo, ila inanikera kidogo kwamba simba wamepata vitabu vingi kuliko vibarua. J. H. Patterson alitoa kitabu chake kuhusu simba wa Tsavo mwaka 1907 na hakijaacha kuchapwa. Wafanyakazi kutoka India walioletwa kujenga reli walikuwa karibu 32,000, na waliokufa ni karibu 2,500. Simba walichukua sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo. Maradhi na ajali ndivyo vilivyochukua wengine.

Mwaka uleule wa 1971 Charles Miller alitoa The Lunatic Express, kitabu kilichoipa reli ile jina ambalo limeng'ang'ania mpaka leo. Kabla yake M. F. Hill alikuwa ameandika Permanent Way, buku la kwanza mwaka 1950 kuhusu Kenya na Uganda, na la pili mwaka 1957 kuhusu Tanganyika. Vyote ni vya Kiingereza, na vyote vimeandikwa kutoka dirisha la daraja la kwanza. Dereva, mchochea moto, mpiga tiketi, mama aliyeuza ndizi kituoni: hao unawakuta zaidi kwenye vitu kuliko kwenye kurasa. Taa ya ishara iliyochakaa mpini inakwambia mkono uliishika kila usiku kwa miaka. Ndiyo maana sikubaliani na wasomi wanaodhani kitabu kizuri kinatosha na vyuma vinaweza kwenda zao.

Sasa turudi Masoko, maana mtu anaweza kuuliza: kijiji kisichokuwa na reli kina nini cha kuweka kwenye makumbusho ya usafiri?

Kina vingi, na si vya chuma peke yake. Juu ya Ziwa Masoko, au Kisiba kama wenyeji wanavyoliita, kuna jengo la mawe la Wajerumani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hapo ndipo ilipokuwa kambi ya kombania ya tano ya jeshi lao la Afrika Mashariki, karibu na makao yao ya wilaya yaliyoitwa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Baadaye jengo lilitumika kama mahakama. Jiulize swali la kawaida kabisa: bunduki, risasi, dawa, chumvi, mvinyo wa maofisa, vilifikaje pale?

Vilifika kwa meli na kwa vichwa vya watu. Njia nyepesi kutoka Ulaya haikupita Dar es Salaam. Ilipita Msumbiji: mto Zambezi, mto Shire, kisha Ziwa Nyasa. Meli ya mvuke Hermann von Wissmann, iliyopatikana kwa michango iliyokusanywa kwa watu huko Ujerumani kwa jina la kupambana na biashara ya utumwa, ilisafirishwa ikiwa vipande kwa njia hiyohiyo, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1893. Ona jambo hilo: chombo cha kwanza kikubwa cha usafiri upande huu kilianzishwa kwa fedha za watu binafsi, na kikaishia kuwa chombo cha dola. Agosti 1914 Waingereza waliishambulia ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo kule Sphinxhaven, Liuli ya leo, na kuiharibu. Ilikuwa mapema mno kiasi kwamba Wajerumani pale walikuwa hawajapata habari kuwa vita imeanza.

Kutoka ziwani kupanda milima ya Rungwe hakukuwa na meli tena. Palikuwa na mpagazi, mzigo wa kilo kama 30 kichwani au begani, na mvua. Wasiowahi kufika Tukuyu hawaijui mvua. Kambi ya Masoko yenyewe, ukiitazama vizuri, ni kumbukumbu ya wapagazi: kila kilichotoka mbali kilipanda kwa miguu ya mtu. Vita ilipoanza idadi ya watu waliobebeshwa mizigo Afrika Mashariki nzima ilifika mamia ya maelfu, na waliokufa ni makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko risasi. Hakuna kichwa cha treni kilichopewa jina la mpagazi.

Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipoondoka walitupa mali ziwani, silaha na sarafu, na kwamba hadi leo heller na rupia za wakati wao huokotwa ufukweni. Simulizi za hazina ya Mjerumani zipo kila wilaya Tanzania, na mimi huwa nazisikiliza kwa sikio moja. Ila hii ya Masoko inanivutia kwa sababu nyingine: inaonyesha watu wamelifanya ziwa kuwa ghala. Kitu kikipotea, kiko ziwani. Wanasayansi wamelikubali wazo hilo kwa njia yao. Ziwa hili ni shimo la volkano, upana wake mita 700 hivi, na watafiti wamechoma mabomba kwenye tope la chini ili kusoma hali ya hewa ya makumi ya maelfu ya miaka, tabaka kwa tabaka. Mwaka 2015 wengine wakachapisha kwenye jarida la Science jinsi samaki wa ziwa hilohilo wanavyogawanyika kuwa aina mbili, wa kina kifupi na wa kina kirefu. Ziwa dogo la Masoko linajulikana maabara za Ulaya kwa samaki na tope. Barabara iliyofika hapo haina mwandishi.

Na ilikuwepo, na ina historia. Wakati wa Waingereza shirika la reli liliendesha mabasi na malori Nyanda za Juu Kusini, kuziba pengo la reli isiyokuwepo. Kwa hiyo ukisema reli haikufika huku unakosea nusu: ilifika kwa matairi. Mtu alisafiri kwa tiketi ya reli bila kuona reli, akashushwa na utingo mwenye sare ya shirika. Kisha vikaja vizazi vya mabasi ya watu binafsi, kisha lami ya kwenda Kyela na mpaka wa Kasumulu, na sasa malori ya ndizi yanayoteremka usiku kuelekea Dar es Salaam yakiwa yamefunikwa turubai. Tiketi za hao wote ziko wapi? Leseni za madereva, daftari za mizigo, picha za basi jipya likizinduliwa na mchungaji? Nyingi ziko kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda, na zinatupwa siku ya tanga, watoto wakisafisha nyumba.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Jordan. Kinachokosekana Rungwe ni mtu wa kwenda nyumba kwa nyumba na kusema msitupe, maana jengo lipo; lile boma la mawe limesimama zaidi ya miaka mia. Jinja, Uganda, wamefungua makumbusho ya reli miaka hii ya karibuni, mwaka 2022, kwenye kituo cha zamani cha treni, na waliolisukuma jambo hilo ni taasisi isiyo ya serikali ya Cross-Cultural Foundation of Uganda, kwa ushirikiano na shirika la reli na msaada wa Umoja wa Ulaya. Yaani wameanza miaka 51 baada ya Nairobi, wakiwa na vyuma vichache kuliko Jordan aliokuwa nao, na bado wamepata cha kuonyesha. Sehemu ya wanachokionyesha ni masimulizi ya watu waliofanya kazi relini.

Mbeya nako muda unakwenda. Waliojenga TAZARA wakiwa vijana wa miaka ishirini mwaka 1970 sasa wamepita sabini. Wapo wanaokumbuka maneno ya Kichina ya kazini, wanaojua daraja lipi lilijengwa msimu gani wa mvua, na nani alizikwa wapi. Vichwa vya kwanza vya reli hiyo vilitoka China mwanzoni mwa miaka ya sabini, na navyo vimeshafika umri wa kuitiwa mnunuzi.

Kuhusu 5916 mwenyewe, kilichobaki ni picha za wapenzi wa treni waliosimama kando ya njia na kamera zao, na mistari kwenye orodha za kiwanda. Gelai yuko Nairobi, uani, juani, rangi yake nyekundu ya shirika la zamani. Wageni hupanda chumba cha dereva, wakashika vishikio na kuchungulia tundu la moto lisilo na moto. Ubavuni jina lipo, kwa herufi kubwa, jina la mlima wa Wamasai wa Tanzania ambao dereva wake huenda hakuwahi kuuona.